Msimfunike Mtoto

Wengi wenu mlinipigia simu wiki zile nami sikushika. Wachache walionipata walisikia neno moja tu, kwamba tuko hospitali, kisha nikakata. Sasa tumerudi, na kila nikitoka kanisani au nikipita sokoni mtu ananishika mkono na kuniuliza ilikuwaje. Nimechoka kulisimulia kwa vipande, mmoja akipata mwanzo na mwingine mwisho, kwa hiyo nimeliandika lote hapa, kwa ajili yenu wa chama cha akina mama na ninyi tuliofundisha pamoja. Habari za kadi, mihuri na foleni za dirishani nimeziacha, maana hizo kila mtu anazijua. Kutoka kwangu Uthiru hadi katikati ya mji si safari ya mtu kujivunia. Barabara ikiwa tupu, chai uliyoiacha mezani inaweza kuwa bado ina moto ukifika. Lakini mimi nimewahi kusafiri hadi Lodwar kusimamia mitihani, na bado nawaambia sijaenda safari ndefu kama ile.

Uthiru

Mkaza mwanangu, Mutheu, ni binti wa Makueni. Yeye na mwanangu Kamau wanaishi katika nyumba iliyo nyuma ya yangu, na huyu alikuwa mtoto wao wa kwanza. Siku za kazi Kamau huwa Naivasha, anasimamia upakiaji kwenye shamba la maua. Kwa hiyo uchungu ulipomshika Mutheu, mimi ndiye niliyempeleka kwenye kituo kidogo cha kujifungulia kilicho karibu nasi, ambako alikuwa amehudhuria kliniki tangu mwanzo. Alikuwa na afya njema. Nilibeba uji kwenye thamosi na bakuli la njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, lililofunikwa kwa sahani, nikijua atakuwa na njaa akimaliza.

Kulipopambazuka mtoto alikuwa amekwama. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikia sauti ya mkunga, Sista Akoth, ikimwambia Mutheu asukume, kisha asisukume, kisha asukume tena. Hatimaye nikasikia wakisema ametoka. Nimezaa watoto wanne, na mwili wangu unajua muda ulioko kati ya mtoto kutoka na mtoto kulia. Muda huo ukapita. Nikafungua pazia bila kuitwa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, na rangi yake ilikuwa kama zambarau iliyopauka. Alilala alivyowekwa, mikono imeanguka pembeni. Sista Akoth alikuwa amemfunika pua na mdomo kwa kifaa chenye mfuko wa mpira, anaubonyeza na kuuachia, anaubonyeza na kuuachia, huku mwenzake akisikiliza moyo kwa vidole viwili.

Mutheu aliuliza kama ni mvulana au msichana. Sista aliendelea kuubonyeza mfuko. Nikamwambia mimi, ni mvulana.

Alipoanza kupumua mwenyewe ilikuwa kwa kugunaguna, kama mtu aliyebeba gunia. Wakamlaza chini ya taa ya joto. Baada ya muda nikaona midomo yake ikichezacheza, ikivuta na kuachia, na mguu mmoja ukazunguka polepole kama wa mtu anayeendesha baiskeli. Nilifurahi kabisa. Nikamwambia Sista Akoth kwamba kijana anatafuta titi, tumpeleke kwa mamake. Yeye hakutabasamu. Aliushika ule mguu, akauzuia kwa mkono wake, na mguu ukaendelea kutikisika ndani ya kiganja. Akamwita daktari.

Daktari wa kituo kile ni kijana mpole. Alitueleza mimi na Mutheu pamoja, akiwa amechutama ili Mutheu amwone usoni. Alisema kwamba ile si njaa, ni degedege. Ubongo wa mtoto ulikosa hewa alipokuwa amekwama, na kuumia kwake hakukuishia pale. Kunaendelea kimyakimya kwa saa nyingi. Kuna jambo moja linaloweza kupunguza madhara: mwili wa mtoto upozwe kwa siku tatu juu ya godoro maalumu linalopitisha maji baridi, na kazi hiyo ianze kabla saa sita za kwanza za maisha yake hazijakwisha. Hospitali moja ya Muthangari ina godoro hilo. Alikuwa ameshawapigia simu, nao wakasema aletwe haraka.

Kisha akaizima ile taa ya joto. Akamvua mtoto blanketi, akamwacha na nepi tu.

"Huko njiani msimfunike," alisema. "Hata akiwa baridi mkimshika. Sista atakuwa anapima joto lake. Akisema mfunike, mfunike. Asiposema, mwacheni hivyo."

Ilikuwa Julai. Mnaijua baridi ya huku kwetu mwezi wa saba.

Mutheu alikuwa bado anavuja damu na walikuwa hawajamaliza kumshona. Hangeweza kusimama, sembuse kupanda gari. Simu ya Kamau ilikuwa haipatikani. Mutheu alinivuta kwa kitambaa cha kichwa hadi sikio langu likafika mdomoni mwake.

"Mum, enda na yeye. Usimwache na watu."

Hadi geti la Loresho

Tulikuwa watatu na mtoto: dereva aliyeitwa Wafula, Sista Akoth, na mimi niliyebanwa kwenye kiti cha pembeni, magoti yangu yakigusa kitanda. Mtoto alikuwa katikati yetu, kifua wazi, mpira wa oksijeni puani, waya mwembamba wa kipimajoto ukitoka chini ya nepi hadi kwenye kijisanduku alichokishika Sista. Kila mara alikuwa akikitazama na kunyamaza.

Nilivaa sweta mbili. Niliona aibu kuwa na joto.

Tulipoukaribia mteremko wa Kangemi magari yalisimama. Lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara na mzigo wake umetawanyika hadi ng'ambo. King'ora kilikuwa kinapiga kelele bure. Magari yaliyokuwa mbele yetu hayakuwa na pa kwenda hata yangetaka. Wafula alishuka, akatazama, akarudi. Alisema tukingoja wavute lile lori tutakuwa tumengoja asubuhi yote. Akapandisha gari ukingoni, akarudi nyuma kwa kuombaomba nafasi, mmoja akimpisha na mwingine akimtukana, mpaka akapata njia ya kuingia Loresho. Kule kuna barabara nzuri zenye miti, na mtu akizijua anaweza kutokea mbele ya msongamano.

Tukakutana na geti. Wenyeji wa mtaa ule wameweka kizuizi barabarani ili magari yanayokwepa msongamano yasipite kwao. Askari wa geti alikuja hadi dirishani kwa Wafula. Alisema amechoka na ambulensi zinazobeba watu wazima wanaokimbilia ofisini, na kwamba wiki hiyo hiyo alikuwa ameifungua moja akakuta imejaa abiria. Wafula akamwambia afungue aone. Akazunguka nyuma na kuufungua mlango.

Baridi iliingia kama maji. Askari alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama Sista. Nyuma yake walikuwapo wanawake kadhaa waliokuwa wakinunua mahindi ya kuchemsha kwa mama mmoja mwenye sufuria kubwa, wengine wakiwa wafanyakazi wa nyumba za mle ndani. Walisogea kuchungulia.

Mmoja akauliza mbona mtoto yuko uchi. Mwingine akasema mtoto mchanga hivyo hawezi kutolewa nje hivyo, labda ameibwa. Neno hilo likapita kutoka mdomo hadi mdomo, na kabla Sista hajamaliza sentensi yake ya kwanza kulikuwa na watu wameuzunguka mlango. Kijana mmoja alisimama mbele ya gari na kuweka mikono yake kwenye boneti. Askari naye, aliyekuwa tayari kutupisha, sasa alishika redio yake na kusema tungoje mkubwa wake.

Yule mama wa mahindi alikuwa mtu wa rika langu. Alivua shuka aliyojifunga mabegani, akaiingiza mlangoni kwa mikono yote miwili, akinielekezea mimi, si Sista.

"Shosho, wewe ni mzazi," alisema. "Hawa watoto wa siku hizi wamesoma, lakini wewe unaona. Mfunike huyo mtoto."

Nataka mjue ukweli wa moyo wangu wakati ule. Nilitaka kuipokea. Tangu tutoke Uthiru mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilikuwa nimemtazama mtoto wa mwanangu akibadilika rangi vidoleni, na kila kitu nilichofundishwa na mamangu kilikuwa kinaniambia ninamwua. Sista Akoth alinitazama. Angeweza kunizuia, nadhani, lakini alikuwa na oksijeni mkono mmoja na kijisanduku mkono wa pili.

Nikaweka kiganja changu juu ya ile shuka na kuirudisha.

"Mimi ndiye nyanya yake," niliwaambia. "Mama yake yuko Uthiru, anashonwa. Huyu alikosa hewa akizaliwa, na ubongo wake unaendelea kuumia sasa hivi tukiongea. Joto linamharibu. Baridi hii ndiyo dawa yake, na kuna kitanda kinamngoja Muthangari. Nikimfunika, mimi ndiye nitakuwa nimemharibia."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Nilipokuwa nikisema nilijisikiliza, na ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kuamini.

Yule mama aliniuliza kama ni mimi ninayesema hivyo au ni hawa. Nikamwambia ni mimi. Alijifunga shuka yake tena, akageuka, akamwondoa yule kijana kwenye boneti kwa kumshika kiwiko kama mtoto wake. Askari akapandisha kizuizi. Sista Akoth alifunga mlango na kuinama juu ya kijisanduku.

"Muda umeenda," alisema tu.

Muthangari

Hospitali ile iko kwenye barabara tulivu, yenye ukuta wa maua. Walitupokea vizuri. Walimkimbiza mtoto ndani, wakamdunga dawa ya degedege, na ule mguu ukatulia kwa mara ya kwanza. Nikadhani tumefika.

Kisha daktari wa watoto akatoka, mwanamke mrefu aliyejitambulisha kwa jina la Halima. Alituketisha. Alisema kwamba godoro lao ni moja tu, na kwamba tulipokuwa tumekwama njiani aliletwa mtoto mwingine mwenye shida kama yetu, akawekwa. Hawezi kumwondoa. Hakujitetea, wala sisi hatukumlaumu. Ningekuwa nyanya wa yule mwingine ningesema nini?

Alitupa njia mbili. Ya kwanza, mtoto abaki pale. Kitanda kipo, oksijeni ipo, dawa ipo, yeye mwenyewe yupo. Watamtunza kwa kila njia isipokuwa ile ya kumpoza. Ya pili ni kuendelea hadi hospitali moja ya mjini ambako amepiga simu na kuambiwa godoro liko wazi na watalishikilia. Muda wa kuanza bado upo, lakini umebaki mdogo. Na njiani degedege linaweza kurudi, au akaacha kupumua, na ndani ya gari kuna Sista mmoja tu.

"Siwezi kuwachagulia," alisema. "Nawaomba tu msichelewe kuchagua."

Mtu mmoja alikuwa ameniletea chai. Niliirudisha kwenye trei. Wafula alikuwa amesimama mlangoni akitafuna andazi, na alipoona namwangalia aliliweka nyuma yake, akasema samahani, hajatia kitu tumboni tangu jana. Nikamwambia ale, akamalize na chai yangu.

Nilimpigia Kamau. Haipatikani. Nikampigia Mutheu.

Alishika mara moja. Nikamweleza njia zote mbili jinsi nilivyoelezwa, bila kuongeza wala kupunguza, kwa kuwa niliogopa sauti yangu isije ikamsukuma. Nilisikia vyombo vikigongana nyuma yake.

"Mum, wewe umemwona," alisema. "Mimi sijamwona. Anakaa mtu wa kupigana?"

Nilimtazama mtoto kupitia kioo. Alikuwa amelala kimya kabisa kwa sababu ya dawa, hakuna alichokuwa akifanya ila kupumua, na kila pumzi ilimvuta mbavu ndani. Sikujua mtu wa kupigana anafananaje akiwa na umri ule.

"Anapumua mwenyewe," nikasema. "Hajaacha tangu aanze."

"Basi mpeleke."

Katikati ya mji

Tulishuka kupitia Westlands hadi barabara kuu ya kuingia mjini. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale membamba yasiyosikika, na vioo vikawa na ukungu. Wafula alikuwa amezima hata redio ya gari.

Tulipoikaribia barabara ya katikati ya mji Sista Akoth alinyoosha mgongo ghafla. Alikitazama kijisanduku, akakigonga kwa kidole, akakitazama tena. Alisema joto limeshuka kupita kiasi. Kumpoza kuna mpaka, na chini ya mpaka huo moyo unaanza kuzembea. Kule kufunguliwa mlango Loresho, na sasa unyevu huu, vilikuwa vimemteremsha.

"Shosho, vua sweta moja, mikono iwe huru," aliniambia. "Usimfunge nayo. Weka mikono yako kifuani na mgongoni, hivi. Mikono tu."

Asubuhi yote nilikuwa nimekatazwa kumpa joto. Nikavua sweta, nikaisugua mikono yangu mpaka ikapata moto, nikaipitisha mmoja juu na mmoja chini. Aliingia mzima katikati ya viganja vyangu. Alikuwa baridi kama mboga iliyotoka kuoshwa kisimani. Chini ya kidole changu cha katikati moyo ulikuwa ukienda, mwepesi, ukiruka mara moja moja. Niliomba kwa Kikuyu, maombi ya watoto wadogo, kwa kuwa mengine yote yalikuwa yamenitoka. Sista alikuwa akisema namba kwa sauti ya chini, na namba zikaacha kushuka. Zikasimama. Zikapanda kidogo. Akaniambia niondoe mkono wa juu.

Hospitali ya mjini ina mageti mawili, na sisi tukaingia lile lisilo letu. Mlinzi alituambia wodi ya watoto wachanga iko upande wa pili, na kuzunguka kwa gari ni kurudi barabarani tena, ambako hakukuwa na gari linalosonga. Sista Akoth hakubishana. Alifungua mlango, akambeba mtoto pamoja na kigodoro chake, akamwambia Wafula achukue mtungi wa oksijeni na mimi nishike mpira usivutike. Tukavuka ua kwa miguu, mwendo wa haraka wa pamoja, kama watu waliobeba meza yenye vyombo.

Mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe na tai alikuwa anatoka kwenye jengo la ofisi akifungua mwavuli wake. Alituona. Hakuuliza kitu. Alikuja upande wa Sista, akanyoosha mkono na kuuweka mwavuli juu ya mtoto, akatembea nasi kinyumenyume karibu njia nzima, manyunyu yakimlowesha yeye. Tulipofika mlangoni nikageuka kumshukuru. Alikuwa ameshapotea kati ya watu.

Ndani walikuwa wakitungoja. Walimchukua mikononi mwa Sista, wakamlaza juu ya godoro la rangi ya samawati, mashine ikaanza kuguruma. Daktari wao alitazama saa ya ukutani na kutikisa kichwa kwa kukubali. Sista Akoth aliketi sakafuni pale pale, akaegemeza kichwa ukutani. Nikaketi karibu naye. Baadaye aliomba maji.

Wodini

Alasiri, nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, simu yangu ililia. Alikuwa Kamau. Mpangaji wangu mmoja alikuwa amempata kwa simu ya mwenzake kule shambani na kumwambia kwamba mtoto amezaliwa na shida, amekimbizwa hospitali ile ya mjini, na amewekwa kwenye baridi. Mnajua sisi tunalielewaje neno hilo. Mwanangu alipanda gari Naivasha akiwa amefiwa. Alilia hadi Limuru, aliniambia baadaye, na abiria waliokuwa pembeni yake wakamshika mabega na kumwombea.

"Mama, niko hapa mochari," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. "Wanasema hawajaletewa mtoto wetu. Mmempeleka ya wapi?"

Nilisimama. Nikamwambia mtoto yuko hai, yuko ghorofa ya juu, baridi ile ni matibabu. Nikarudia. Nikasikia simu ikianguka, kisha sauti ya mtu mwingine, mfanyakazi wa mle ndani, akiniuliza kama mimi ni mama yake na wamlete mlango gani. Walimleta wawili, wamemshika mikono. Waliponiona waliniachia yeye, na mmoja wao, mzee mwenye buti za mpira, aliniambia kwamba tangu aanze kazi pale hajawahi kumsindikiza mtu kutoka kule kuja huku. Alicheka kidogo, akafuta macho, akarudi kazini.

Siku tatu zile mtoto alilala. Haruhusiwi kubebwa, haruhusiwi maziwa, ngozi yake ni baridi na imekaza, na nyaya zimefunika kichwa. Mutheu aliletwa siku iliyofuata akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Walimruhusu kushika unyayo. Aliushika unyayo ule mpaka muda wa kuondoka, akiongea naye Kikamba kwa sauti ya chini, na mimi nisiyejua Kikamba nilisikia tu kwamba alikuwa akimsimulia jambo refu, lenye watu wengi ndani yake.

Kwenye benchi letu alikuwapo mama mmoja wa Embu ambaye mjukuu wake alikuwa amezaliwa kabla ya wakati. Alikuwa akiletewa githeri ya mahindi na maharagwe kutoka nyumbani, na kila mara aliigawa katikati na kunisukumia upande wangu bila kuniuliza. Siku ya tatu hakuja. Nilimuuliza nesi, alitazama pembeni. Chombo chake cha plastiki kilibaki chini ya benchi, nami nikakiosha nikakiweka kwenye dirisha.

Wakaanza kumpasha mtoto joto polepole, kidogo kidogo. Hiyo ndiyo siku niliyoogopa kuliko zote, kwa sababu walikuwa wametuonya kwamba degedege linaweza kurudi wakati huo. Lilirudi mara moja, jepesi, wakalituliza. Kisha halikurudi tena. Alifungua macho. Walipomweka kifuani kwa Mutheu alichukua muda mrefu bila kufanya lolote, maziwa yakimdondokea mashavuni, na Kamau akawa hawezi kutazama, akageukia ukuta. Halafu Mutheu akasema, "Ameshika." Kamau hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyotikisika.

Kabla ya kuturuhusu walimpiga picha ya ubongo. Daktari alituonyesha sehemu ndogo iliyoumia, doa kama la maziwa yaliyomwagika.

"Sitawaambia atakuwa sawa, na sitawaambia hatakuwa," alisema. "Bila lile godoro nadhani tungekuwa tunaongea habari nyingine. Lakini yeye ndiye atakayetuonyesha, kadiri anavyokua. Mleteni kliniki. Mazoezi msiyakose."

Kurudi

Tulirudi kwa barabara ile ile, mchana, jua likiwaka. Mutheu alikaa nyuma na mtoto, amemfunika vizuri na kofia ya sufi juu, na kila tulipopita kituo aliinama kuhakikisha anapumua.

Wengi wenu mlikuja kutuona wiki hiyo, kwa hiyo mnajua jinsi nyumba ilivyojaa. Lakini wengi wenu mlikuwa mmeshaondoka pale shemeji yangu Mbugua, mdogo wa marehemu mume wangu, alipoomba kusema na mimi na Kamau sebuleni. Alianza mbali. Aliwasifu madaktari. Akasema kwamba mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake na kusimama mahali pake, na kwamba jina la Njoroge ni jina zito katika ukoo wetu. Akauliza, kwa upole kabisa, kama si busara kumpa huyu jina lingine zuri la Biblia, na lile la kaka yake likatunzwa kwa yule atakayemfuata, ambaye labda atakuwa na nguvu za kulibeba. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameona jinsi mkono wa kushoto wa mtoto unavyobaki umekunjwa.

Mutheu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alikuwa amesikia yote. Kamau alitazama zulia. Nikaona Mutheu anaanza kurudi nyuma, sinia mikononi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mume wangu alipatwa na kiharusi miaka miwili kabla hajafa. Nilimlisha kwa kijiko mwenyewe, nikamgeuza, nikamwosha, na katika miaka hiyo hakuna siku aliyokuwa si Njoroge.

Nilimwambia Mutheu aweke sinia mezani na anipe mtoto. Nikamkalisha mapajani, kichwa chake kwenye kiwiko changu, nikamgeuza amwone Mbugua.

"Msalimie kaka yako," nikamwambia Mbugua. "Huyu ndiye Njoroge."

Shemeji yangu aliinuka, akaja akapiga goti moja mbele yetu, akaushika ule mkono uliokunjwa kati ya vidole vyake vikubwa vya mkulima. Alilitaja jina. Mutheu alimimina chai, na nikaona anammiminia yeye kwanza.

Mkiniuliza kama amepona, sijui. Shingo bado haijakaza kama ya watoto wa rika lake. Anafuata sauti. Anacheka usingizini, na juzi amecheka akiwa macho, akimtazama babake. Kila asubuhi, akishanyonya, Mutheu anamlaza kitandani na kuufungua mkono wa kushoto, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kiganja chote kinakuwa wazi. Kinakaa wazi kidogo, kisha kinajikunja tena. Naye anaanza upya kwenye kidole gumba.